Kitenge kwenye kabati la droo

Dada, umeuliza kama kitenge kitashika kwenye kabati lako la droo la mninga lenye vanishi ya zamani. Kufunika mninga naona uchungu, lakini kabati ni lako. Kitashika, ila usiruke msasa. Gundi haing'ang'anii vanishi inayong'aa. Msasa namba 120 unatosha, kisha futa vumbi lote.

Kitenge kifue na kukipiga pasi kwanza, kisije kikasinyaa. Fungua vishikio, paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa na maji kidogo, bandika kuanzia katikati ukisukuma mapovu kwa kiganja. Mimi nilikunja kitambaa hadi mbavuni mwa droo, zikagoma kufunga! Gundi ikikauka, kata kwa wembe usawa wa ukingo. Juu, panapomwagika mafuta na chai, ningeacha mbao.