Taa ya infraredi usoni: kufumba macho tu hakutoshi

Pole dada na hiyo sainasi, najua inavyosumbua. Umeuliza kama ile taa nyekundu ya wati 150 unaweza kujimulika nayo usoni dakika 20 ukiwa umefumba macho tu. Mi nasema hapana, acha kwanza. Ule wekundu unaouona ni kidogo tu, infraredi yenyewe (ule mwanga wa joto) haionekani, kwahiyo jicho halishtuki kama linavyoshtuka kwenye jua, na ile yenye urefu wa wimbi wa nanomita 780 hadi 1400 sehemu yake inapita hata kwenye kope mpaka retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Wahunzi na wapuliza vioo wa zamani walipata sana mtoto wa jicho sababu ya kukaa na infraredi ya tanuri miaka na miaka.

Mi yangu naitumia shingoni tu, naiweka mbali kama sentimita 60, nageuza uso, dakika 10 nazima. Ukilazimika usoni vaa miwani maalumu ya kuzuia infraredi, sio ya jua ya mtaani, hiyo inaweza kutia giza mboni ikatanuka na infraredi ikazidi kuingia. Kama unavaa lensi za kuweka jichoni, zitoe. Na usije ukasinzia mbele ya taa!

Kama una kisukari na ngozi ina ganzi, au ulishapasuliwa jicho, muone daktari kwanza. Ukianza kuona ukungu au doa jeusi usingoje kesho, nenda kliniki ya macho.

Afu kwa sainasi, kusafisha pua na maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa kumenisaidia kuliko taa, jaribu.