Bibi kwenye mizani, na maswali mengine ya safari ya ndege ndogo

Shule zikikaribia kufungwa, maswali ya safari hunijia mengi, na msimu huu karibu nusu yake yanahusu ndege ndogo za kukodi. Nilipanga safari hizi kwa miaka kadhaa kabla sijashika kalamu, nikisimama uwanjani na karatasi ya majina mkononi, kwa hiyo nayajibu kwa yale niliyoyaona.

Sisi ni watu tisa, wakubwa sita na watoto watatu. Tunataka kwenda Lamu siku nne mwezi wa Disemba kwa ndege ya kukodi badala ya basi la Mokowe. Gharama itavumilika? — Halati wa watu, Tudor

Halati, ndege ya kukodi hailipiwi kwa kichwa. Inalipiwa kwa saa inazoruka, iwe imejaa au amepanda mtu mmoja. Kwa hiyo ninyi tisa mko katika hali nzuri kuliko mke na mume peke yao, kwa sababu bei moja mtaigawa mara nyingi. Ndege itakayowafaa ni Cessna Caravan, ambayo hubeba abiria kumi au zaidi. Kutoka Mombasa mpaka uwanja wa Manda ni kama kilomita 245 kwa njia ya angani, na Caravan huzimaliza kwa chini ya saa moja. Manda ni kisiwa, hivyo mkitua mtavuka kwa boti kwenda Lamu mjini au Shela.

Watu wengi huumia mahali pamoja: hawaulizi ndege inalala wapi. Nyingi ziko uwanja wa Wilson, Nairobi. Ikitoka huko kuja kuwachukua Mombasa imeruka zaidi ya kilomita 400 ikiwa tupu, na ikishawashusha Lamu inarudi Nairobi tupu vilevile. Saa hizo zote mnazilipa ninyi. Halafu baada ya siku nne mzunguko ule ule unarudiwa, au rubani abaki Lamu mkimlipia malazi, chakula na siku za kungoja. Kabla ya kujadiliana bei, uliza maswali matatu: ndege inaanzia wapi, inarudi wapi, na ada za kutua ziko ndani ya bei au nje? Yakijibiwa kwa maandishi, hesabu yako itasimama. Ukipata iliyopo pwani tayari, au iliyoshusha wageni Diani na inarudi tupu, bei huanguka sana.

Kama mngekuwa wanne ningekwambia mtafute ndege ya ratiba mnunue viti. Kwa tisa, piga hesabu zote mbili kisha uchague.

Mpwa wa jirani yetu amepata leseni ya urubani. Anasema tuchange pesa ya mafuta na "kitu kidogo" juu yake, atupeleke Amboseli kwa bei ya chini. Tuna sababu ya kukataa? — Baba wa watatu, Bamburi

Mnayo, baba, na nawasihi mkatae.

Leseni ya rubani binafsi na leseni ya rubani wa biashara si kitu kimoja. Yule wa kwanza anaruhusiwa kurusha ndege na kubeba ndugu na marafiki, lakini haruhusiwi kulipwa kwa kuwabeba. Hicho "kitu kidogo" ndicho kinachogeuza safari ya kirafiki kuwa biashara isiyo na kibali. Likitokea la kutokea, bima inaweza kukataa kulipa hata senti, na mtabaki na msiba na deni pamoja.

Anayechukua pesa yako lazima awe na cheti cha uendeshaji wa ndege kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, KCAA, pamoja na leseni ya huduma za anga. Omba kuviona. Kampuni ya kweli haikasiriki ukiuliza, hukutumia nakala siku hiyo hiyo. Na uangalie namba iliyoandikwa ubavuni mwa ndege, ile inayoanza na 5Y, iwe ndiyo iliyo kwenye mkataba wako.

Huyo kijana naye ana haki ya kuambiwa ukweli. Mwiteni mumpongeze kwa leseni yake, kisha mumweleze mnakataa nini na kwa nini. Akiendelea na masomo mpaka leseni ya biashara, siku moja atawabeba kihalali.

Shikamoo mama. Tumeambiwa kila msafiri atapimwa uzito, hata bibi yetu wa miaka 74. Ameona aibu na sasa anasema habari ya safari tuiache. Ni lazima kweli? — Mjukuu, Kisauni

Marahaba mwanangu. Ni lazima, na nitakueleza sababu ili umweleze bibi kwa lugha ya pwani anayoijua.

Bibi wa Mombasa ameshapanda mashua. Ameona nahodha akisema, "Wewe mnene njoo kati, na wewe hamia upande wa pili," na hakuna aliyenuna, maana kila mtu anajua chombo kikielemea tezi au omo hakiendi sawa. Ndege ndogo ni hivyo hivyo, ila haina maji ya kuishika. Uzito ukizidi, haipandi inavyotakiwa. Uzito ukikaa nyuma mno, pua huinuka na rubani hushindwa kuishusha. Ndiyo maana anataka kilo za kweli, za kila mmoja, na ndiye anayeamua nani akae wapi.

Nikupe mfano wa Cessna 172, ndege yenye viti vinne. Watu huona viti vinne wakadhani ni watu wanne wazima na masanduku yao. Inaweza kubeba kama kilo 400 juu ya uzito wake yenyewe. Ukijaza matangi, mafuta peke yake ni lita 200 hivi, na lita moja ya mafuta yale ina uzito wa gramu 720, kwa hiyo kilo 145 zimeshakwenda. Mtoe rubani wa kilo 80. Umebakiwa na kilo 175 za abiria na mizigo. Hapo ni baba, mama na begi moja, na mtoto mdogo kama wazazi ni wembamba. Rubani anaweza kupunguza mafuta abebe watu zaidi, lakini si chini ya yale ya kumfikisha na akiba inayobaki. Familia ya watano itafute Cessna 206 au kubwa zaidi.

Joto letu nalo lina mchango wake. Hewa ya moto ni nyepesi, mabawa hayapati pa kushika, na ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Mahali palipoinuka kama mbuga ya Maasai Mara, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, tatizo hilo linaongezeka. Ndege iliyopaa bila shida asubuhi inaweza kushindwa saa nane mchana ikiwa na watu wale wale.

Sasa kuhusu aibu. Nilikuwa na mizani ya mizigo, ile bapa ya chini. Siku moja alikuja mama mmoja mtu mzima na buibui lake, akaisimamia mizani huku ameshika mkoba kifuani, macho kayafumba. Niligundua nilikuwa nakosea kwa kusoma namba kwa sauti mbele ya wakwe zake. Tangu siku ile nilizungusha mizani kioo kinielekee mimi, nikaandika, nikanyamaza. Piga simu kwa kampuni uombe wafanye hivyo: bibi apimwe peke yake, pembeni, na mwanamke akiwepo. Ila msimpunguzie kilo kwa kumsitiri. Na apimwe na mkoba wake mkononi, maana mkoba wa bibi una uzito.

Mizigo: safari nyingi za ndege hizi huruhusu kilo 15 kwa mtu, katika begi laini. Sanduku gumu la magurudumu haliingii mlango wa mizigo hata likiwa jepesi.

Watoto wako likizo mwezi wa Aprili. Mara kwa ndege kutoka Mombasa inafaa wakati huo? — Mwalimu, Changamwe

Mwalimu, Aprili ni masika. Mvua hulainisha viwanja vya udongo vya mbugani mpaka magurudumu yanazama, na mawingu hushuka chini. Inawezekana, lakini mjiwekee siku moja ya ziada kila upande. Agosti ni bora zaidi: kumekauka na nyumbu wako Mara. Kwa Caravan ni mwendo wa saa mbili hivi, kilomita zipatazo 550.

Wakati wowote mtakaokwenda, ombeni kuondoka asubuhi. Mchana ardhi ikipata moto hewa hupanda kwa vishindo, na hapo ndipo watoto hutapika. Na chungeni jua. Viwanja vya mbugani havina taa. Magharibi ikiingia, ndege iwe imeshatua.

Hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kupanga safari ya familia iliyokuwa imekaa kambini, na watu wazima wakachelewa kwa sababu walikuwa wakimfuata chui. Walifika uwanjani saa kumi na moja na nusu jioni. Rubani akaangalia saa, akaangalia ramani, akasema hapana, hatufiki kabla ya giza. Walimtukana. Walinipigia simu mimi nimlazimishe, na mimi, kwa kuogopa kupoteza wateja, nilimpigia. Akaniambia kwa upole, "Dada, nitawapeleka kesho alfajiri." Walilala huko, kesho yake wakafika salama. Simu ile najuta kuipiga mpaka leo. Rubani akisema hapana, mshukuruni, mtafute pa kulala.

Mtoto wangu ana miezi minane. Masikio yake je? Na choo? — Mama Zuhura, Likoni

Ndege ikianza kushuka, mnyonyeshe au mpe chupa, kwa sababu kumeza ndiko kunakofungua masikio. Akiwa na mafua makali, ahirisheni. Choo hakuna katika Cessna hizi, kwa hiyo wakubwa waende kabla ya kupanda, na mtoto avae nepi mpya. Kwa kawaida aliye chini ya miaka miwili hupakatwa, lakini naye hupimwa.

Tutakuwa Diani, kijana wangu atazamia na mtungi wa hewa asubuhi, kisha jioni turuke kutoka Ukunda. Kuna ubaya? — Baba Mariam, Nyali

Upo, na ni mkubwa. Mzamiaji hubaki na naitrojeni mwilini, na akipanda juu mapema gesi ile hufanya mapovu kwenye damu na viungo. Akizamia mara moja tu, bila kuhitaji kusimama njiani wakati wa kupanda kutoka majini, angoje angalau saa 12. Akizamia mara nyingi au siku mfululizo, saa 18. Mpangeni azamie siku za mwanzo wa likizo. Kuogelea juu juu kwa miwani na mrija hakuna shida.

Binti yetu ana selimundu. Tunaweza kumpeleka Mara kwa ndege ndogo? — Mzazi, Mtwapa

Msikate tiketi kabla ya kumwona daktari wake. Ndege kubwa za abiria huwa na hewa iliyoshindiliwa ndani. Cessna 206 na Caravan hazina. Rubani akipanda futi 10,000, binti anavuta hewa ya futi 10,000, yenye oksijeni kidogo, na oksijeni ikipungua ndipo chembe za damu hujikunja na maumivu kuanza. Safari ya Lamu inaweza kurukwa chini karibu na bahari. Mara haikwepeki, hata ardhi yenyewe iko juu. Kama mngeniuliza mimi, ningewachagulia Lamu, maji ya kunywa mengi, na shali la kumkinga na baridi.

Tunawaza Zanzibar badala ya Lamu. Kuna tofauti gani? — Wapenzi wa bahari, Kizingo

Mwendo unalingana karibu kabisa, ila mnavuka mpaka. Lazima muondokee uwanja wenye uhamiaji, kama ule wa Moi hapa Mombasa, na kampuni iombe ruhusa ya kutua mapema. Kila mmoja awe na pasipoti, mtoto mchanga pia. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla. Cheti chake siku hizi ni cha maisha. Mzazi anayesafiri na watoto peke yake achukue barua ya mwenzake.

Mtapita juu ya maji, kwa hiyo mtapewa jaketi za kuokolea. Wafundisheni watoto jambo moja: haijazwi upepo ndani ya ndege. Mwaka 1996 ndege iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuangukia baharini Komoro. Wapo walionusurika kishindo lakini wakazama kwa sababu jaketi walizojaza ziliwabana darini maji yalipoingia. Toka kwanza, kisha vuta kamba.

Mume wangu ameshalipa, lakini tangu ajali ya Kwale silali. Nimwambie tughairi? — Mama wa Majengo

Dada yangu, hofu yako ina sababu. Asubuhi ya tarehe 28 Oktoba 2025 ndege ndogo iliyotoka Diani kwenda Mara ilianguka Kwale, na watu wote 11 wakafariki. Sitakwambia usiogope.

Nitakwambia ufanye hivi. Fikeni uwanjani mapema, umwombe rubani akuruhusu usimame karibu anapokagua ndege. Utamwona akipitisha kiganja kwenye ukingo wa propela, akitafuta mahali palipomegeka. Atatikisa mabawa ya nyuma, atatoa vifuniko vyenye utepe mwekundu. Kisha atachukua kikombe kidogo cha plastiki kinachoonyesha ndani, akisukumize chini ya bawa, na mafuta yatamwagikia humo. Atakiinua juu kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo yakiwemo utayaona yametulia chini kama lulu. Akiyaona atamwaga, achukue tena, na tena, mpaka kikombe kiwe safi.

Muulize kila anachofanya. Akikujibu kwa subira, panda. Akikuharakisha, au ukimwona amekuja na kuwasha injini bila kuzunguka ndege hata mara moja, mshike mumeo mkono mrudi nyumbani, pesa ipotee.