Mjukuu wa Mbali na Mjukuu wa Mlangoni

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa bibi mwenzangu anayeishi Morogoro, ambaye wajukuu zake wawili wamezaliwa na wanakulia Kanada. Anasema kila anapowapigia simu watoto humwamkia, hujibu maswali mawili matatu, kisha humrudishia baba yao simu na kukimbilia michezo yao. Akaniuliza afanye nini ili wajukuu hao wamjue kabla hajafa. Maneno hayo ya mwisho yalinichoma, kwa sababu miaka michache iliyopita niliyatamka mimi mwenyewe, nikiwa nimeketi barazani na simu imekwisha kukatwa upande wa pili.

Angeniuliza mwaka juzi ningemjibu upesi na kwa kujiamini, maana nilikuwa nikijihesabu hodari wa jambo hili. Leo majibu ninayo, lakini mojawapo linaniuma kuliandika.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilianza kufundisha mwaka 1975, nikastaafu mwaka 2014, na ninaishi Ngamiani, Tanga, katika nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Mungu amenijalia watoto watano na wajukuu 13: saba wako hapa hapa Tanga, wawili Mwanza, wawili Muscat na wawili Minneapolis, Marekani. Naomba msomaji aishike hesabu hiyo.

Nianze na wa mbali, kwa kuwa ndio alioniuliza. Jambo la kwanza ni saa. Muscat hawana shida, wametutangulia kwa saa moja tu, na kwa kuwa mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, mimi huwapigia Ijumaa baada ya Alasiri watoto wakiwa nyumbani na baba yao ametulia. Minneapolis ndiko kulikonisumbua. Tulikuwa tumepatana Jumapili saa 11 jioni ya Tanga, ambayo kwao ni saa 3 asubuhi, na mambo yakaenda vizuri hadi Novemba, ambapo ghafla nikawa kila nikipiga hakuna anayepokea. Nikaanza kunung'unika moyoni kwamba mwanangu amenichoka. Kumbe Marekani hurudisha saa nyuma kwa saa moja Jumapili ya kwanza ya Novemba, na huzisogeza mbele tena Jumapili ya pili ya Machi, kwa hiyo simu yangu ilikuwa ikilia saa 2 asubuhi ya siku ya mapumziko, katika baridi ya theluji, watu wote wamelala. Siku hizi, kuanzia Novemba hadi Machi, ninapiga saa 2 usiku baada ya Isha, nao huko inakuwa saa 5 asubuhi. Manung'uniko ya wiki tatu yaliponywa na kalenda, na ninawasihi wenzangu wachunguze saa kabla ya kuchunguza mioyo ya watoto wao.

Jambo la pili ni kuacha kuhoji. Sisi walimu tuna ugonjwa wa maswali. Nilikuwa nikimuuliza mjukuu wangu wa Minneapolis, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita, kama anasoma kwa bidii, kama anakula vizuri, kama anamsikiliza mama yake, naye alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kwa sauti ya mtu anayekaguliwa. Mambo yalibadilika Jumapili moja simu ilipolia nikiwa nakuna nazi uani. Sikutaka kuinuka, nikaiegemeza simu kwenye sufuria na kuendelea na kazi. Mtoto akauliza, "Bibi, unakaa juu ya nini?" Nikamjibu kwamba nimekaa juu ya mbuzi. Alicheka mpaka akateleza kwenye kiti, kwa sababu mbuzi anayemjua yeye ni yule mwenye pembe na ndevu. Basi nikamwonyesha meno ya mbuzi, nikamwonyesha jinsi kifuu kinavyozungushwa taratibu ili usikune gamba jeusi, nikatia maji ya vuguvugu, nikamimina nazi katika kifumbu na kukamua mpaka tui la kwanza likashuka jeupe na zito ndani ya bakuli. Akataka kuona na tui la pili. Tulikaa dakika 40, na Jumapili iliyofuata ni yeye aliyeniomba simu.

Mwaka huo huo nilimpelekea mbuzi ya kukunja kwa mkono wa msafiri, na picha ya mtoto yule ameikalia jikoni kwao, na nazi ya dukani mkononi, ninayo ukutani mpaka leo. Naona fahari nayo na sioni sababu ya kuificha. Kwa hiyo, bibi mwenzangu wa Morogoro, usiwapigie wajukuu ili mzungumze. Wapigie ukiwa na kazi mkononi, ukisuka ukili, ukichambua mchele au ukimwagilia mchicha, na mazungumzo yatakuja yenyewe.

Jambo la tatu nililifahamu kwa kuumia. Marehemu bibi yangu wa Pangani alikuwa akiniita mke mwenzake, kwa kuwa mjukuu wa kike ni mke wa babu, na utani huo ndio uliotufanya tuwe na siri zetu, tugombane kwa mzaha na kupatana bila mtu kutuamulia. Mimi nami nikamwita mjukuu wangu wa Minneapolis mke mwenzangu. Yeye akaifurahia habari hiyo na kuipeleka shuleni, akawatangazia wenzake kwamba yeye na bibi yake wameolewa na mume mmoja. Wazazi wakaitwa. Mkaza mwanangu, ambaye ni mzaliwa wa huko na hakulelewa katika utani wetu, alifadhaika sana, na simu zikakatika kwa miezi mitatu.

Miezi yote hiyo nilikaa nikisubiri niombwe radhi, kwa hoja kwamba mimi ndiye mkubwa na sikutenda kosa. Mwanangu alikuwa amebanwa katikati. Mwishowe nilijirekodi kwa Kiingereza changu cha darasani, nikamweleza mkwe wangu utani wa bibi na mjukuu ni kitu gani, na nikamwomba anisamehe kwa kutomweleza mapema. Alinijibu siku ile ile, na katika jibu lake aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: yeye mwenyewe aniite nani? Alikuwa na miaka minane katika ndoa na hajui aniite nani, naye alikuwa akilikwepa jina langu kila tunapozungumza. Mimi sikuwahi kugundua. Sasa ananiita Mama. Hata hivyo bado sijapona kabisa, kwa maana katika miezi ile mitatu jino la kwanza la mjukuu wangu liling'oka nisilione. Wenzangu, njia ya kumfikia mjukuu hupitia kwa mama yake, na ukiiziba njia hiyo kwa kiburi cha ukubwa utabaki unazungumza na picha.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma.

Nina mjukuu wa kiume wa miaka kumi, mtoto wa binti yangu, anayekaa Makorora. Kila siku akitoka shule alikuwa akipitia kwangu kwa baiskeli, ananitekea maji, ananinunulia mkaa, anakula alichokikuta na kwenda zake. Sikuwahi kumpangia saa kwa sababu alikuwepo tu. Simu ya mbali ilipolia nilimwambia, "Nyamaza kidogo, naongea na wenzako," na mara nyingine nikamwambia atoke nje kwa sababu anagonga gonga vyombo. Idi el-Fitri iliyopita watoto walikuja kuchukua mkono wa Idi kama ilivyo desturi, nami nilikuwa na Muscat kwenye simu, nikawagawia pesa bila hata kuwatazama usoni wala kutazama kanzu na magauni yao mapya. Yeye alibaki nyuma ya wenzake mpaka nilipomaliza, akaniuliza, "Bibi, na mimi nikihamia mbali, utakuwa unaniuliza mambo yangu?"

Nilimjibu kwa mzaha, akaondoka. Wiki mbili zikapita bila kuiona baiskeli yake mlangoni. Nikapanda bajaji kwenda Makorora, nikamkuta sebuleni anafanya kazi ya shule, na daftari ameliinua karibu liguse pua, amefinya macho. Nilifundisha miaka 39 na ninamjua mtoto asiyeona ubaoni tangu anapoingia mlangoni. Nikamuuliza binti yangu, akasema mwalimu wa darasa alikwisha kumhamishia dawati la mbele tangu Januari. Nikataka kujua kwa nini sikuambiwa. Akaniangalia, akasema kwa upole, "Mama, kila nikija uko kwenye simu."

Nililia kwa ajili ya jino la Minneapolis, na macho ya Makorora sikuyaona. Tulimpeleka kupimwa, akapewa miwani, na kwa miwani hakuna tatizo kubwa lililobaki. Lakini mtoto yule alikuwa amekaa mbele yangu miezi mingi akila wali wangu huku amefinya macho, nami bibi yake, mwalimu, nilikuwa namwona kama mtu anayepita.

Ndiyo maana ninawaambia wazee wenzangu, na ninalisema kwa uzito wote: wa mbali anatutia hofu ya kumpoteza, kwa hiyo tunamwekea saa, bando na machozi, wa karibu tunamfanya mtumishi wa nyumba. Mimi sasa nina wajukuu saba hapa mjini, na kila Jumamosi ninakwenda kwa mmoja wao. Mimi ndiye ninayekwenda. Sikai tena kungoja wanifuate, na nikifika simlazimishi mtoto akae nami, ninakaa pale anapochezea yeye. Simu ya mbali ikilia, aliyepo nyumbani anaingia kwenye picha, hakuna anayetolewa nje.

Yupo pia ndugu tunayemsahau kwa sababu si mtoto wetu wa kumzaa. Katika lugha yetu mjukuu wa dada yangu ni mjukuu wangu, hana jina jingine, na ndugu wa kiume wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo. Jina lenyewe limekwisha kukukabidhi mtoto. Lakini tazama kundi la WhatsApp la ukoo wako: linaamka kwa msiba, linaamka kwa mchango wa harusi, kisha linalala. Katika ujana wangu kulikuwa na sababu ya hali hiyo. Nilipokuwa nikifundisha vijijini, msiba wa shangazi yangu niliusikia kwenye matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na kufika Pangani nikakuta amekwisha kuzikwa. Leo hatuna udhuru huo. Mimi na dada yangu aliyeko Pangani tumeanza desturi ya kupeleka kwenye kundi, kila Ijumaa, picha moja ya zamani na ujumbe mfupi wa sauti unaoeleza huyu ni nani kwa nani. Vijana ambao hawakuwahi kuandika neno sasa wanauliza maswali, na mmoja wa Mwanza aligundua kwamba anasoma chuo kimoja na kitukuu wa mjomba wangu.

Nina mawili mengine ya haraka. Usimtumie mjukuu kuwaombea fedha wazazi wake, kwa sababu mtoto hufahamu mapema kuliko unavyodhani kwamba simu ya bibi ina bei. Na wazazi wakigombana, usichague upande mbele ya watoto, hata kama upande wa mwanao ndio wenye haki.

Jumapili hii nilikuwa nakuna nazi kama kawaida, na mwenye miwani ndiye aliyeshika simu. Yeye na mwenzake wa Minneapolis walikuwa wakibishana ni nani anayejua kukuna bila kugusa gamba, kwa Kiswahili cha huyu na Kiingereza cha yule, na mengine sikuyaelewa. Mwishoni nilimsikia akimwambia kwamba Novemba itabidi waanze kuongea usiku, baada ya Isha, na kwamba amekwisha kuizungushia wino Jumapili ya kwanza kwenye kalenda ya bibi. Niliingia ndani kutazama. Ni kweli, ameizungushia, na pembeni ameandika jina lake na la mwenzake. La kwangu hakuliandika.