Kwa mnaoanza kazi kliniki ya methadoni

Karibuni. Kipimo cha kuanzia na fomu za usajili mlishasomea, sitavirudia. Mteja wetu anatibiwa uraibu wa heroini, yaani unga, kwa methadoni, na anakunywa dawa hiyo mbele yetu kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo, kwa miezi na pengine miaka. Kwa hiyo kazi yote inasimama kwenye jambo moja: arudi kesho. Kila neno unalolitoa pale dirishani tunapotolea dawa, jiulize kama litamrudisha kesho au litamrudisha maskani, kule wanakokutana kutumia unga.

Ndiyo maana hatumwiti mtu teja. Wenyewe wataitana hivyo wakicheka. Wewe sema kaka, dada, mama fulani. Huduma hii ilianza hapa Dar es Salaam, Muhimbili, mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na wengi wanaokuja wameletwa na wenzao waliotangulia kunywa dawa. Ukimdhalilisha mmoja asubuhi, maskani nzima itajua kabla ya adhuhuri.

Kinachowapiga chenga wageni wengi ni malalamiko ya arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga au methadoni ya kutosha. Mtu aliyetulia kwa miezi anakuja anasema dozi haimshiki: jasho, kamasi, miayo, mifupa inauma, usingizi hakuna. Ni rahisi kudhani amerudia unga na anatafuta kuongezewa. Kwanza muulize ameanza dawa gani nyingine. Rifampisini, ile ya kifua kikuu, inalifanya ini liivunje methadoni kwa kasi, na arosto inayofuata ni ya kweli kabisa. Efavirenzi na nevirapini, kwa wanaotumia ARV, zinaweza kufanya vivyo hivyo. Mfikishe kwa daktari siku hiyohiyo ili dozi ipitiwe. Ukimpuuza, ataacha dawa za TB au atatafuta kete, na vyote viwili vinaua. Rifampisini ikiisha, mrudishe tena kwa daktari, kwa sababu ini likipunguza kasi, dozi iliyopandishwa inageuka kuwa nyingi mno. Hapa naomba msichoke kuuliza, hata foleni ikiwa ndefu.

Aliyekosa siku tatu au zaidi hapewi dozi yake ya zamani bila kuonwa na daktari. Mwili wake umeshapoteza uzoefu wa dawa, na kiasi kilichokuwa kinamtuliza kinaweza kumzimisha pumzi. Muulize alikuwa wapi, lakini msikilize kama mgonjwa, usimhoji kama mtuhumiwa. Mara nyingi jibu ni mahabusu, msiba mkoani, au nauli tu. Daladala kwenda na kurudi kila siku si kitu kidogo kwa mtu asiye na kipato. Na anayesinzia mbele yako, au ananuka pombe, asubiri aonwe kwanza, hasa wiki mbili za mwanzo ambapo methadoni bado inajilimbikiza mwilini.

Wapo ambao hawajawa tayari kwa methadoni. Hao nao ni wetu. Wape mabomba safi ya sindano, na waelezeni kwamba kijiko, pamba na maji ya kuchanganyia navyo vinaambukiza homa ya ini aina ya C wakichangia.

Wanawake ndio wanaoniumiza roho. Miaka ya 2000 watafiti waliandika habari za wanawake wa jiji hili waliojidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga, ili tu kupunguza makali ya arosto. Mpaka leo dirishani ni wachache kuliko wanaume. Akija na mtoto mgongoni, msimsemeshe kuhusu mtoto kwa lawama. Akiwa mjamzito, asikatishiwe methadoni ghafla. Miezi ya mwisho huenda akahitaji dozi kubwa zaidi. Aende kujifungua na barua ya kliniki, ili wakunga wajue mapema kwamba mtoto anaweza kutetemeka na kulia sana siku chache baada ya kuzaliwa, kwamba hali hiyo inatibika, na kwamba methadoni peke yake si sababu ya kumzuia mama kunyonyesha.