Skana ya redio siku ya derby: acha mazungumzo ya watu, shika FM

Skana yangu, redio inayozunguka masafa yenyewe kusaka mawasiliano, niliinunua mtumba Kariakoo, nikiwa na ndoto ya kujua kila kinachotokea Dar kabla ya majirani. Siku ya kwanza niliambulia mikwaruzo. Fundi redio wa mtaani kwetu akanicheka: "Mdogo wangu, unatafuta mazungumzo ya watu? Sheria ya mawasiliano ya 2010 unaijua?" Kudaka mawasiliano yasiyokuhusu bila ruhusa ni kosa. Tangu hapo polisi na zimamoto siwagusi, na wewe usiwaguse. Ukiwa na shaka na kifaa chako, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza.

Kilichobaki si haba. Niliibana skana kati ya 87.5 na 108 MHz, masafa ya FM, ikazunguka yenyewe na kusimama kila penye kituo kinachosikika vizuri. Nikaandika namba zinazotangaza mpira.

Faida niliiona uwanjani kwa Mkapa, Simba na Yanga. Watu 60,000 na kila mmoja ana simu mkononi: intaneti inakufa. Redio haina foleni, wasikilize kumi au elfu kumi, mnara ni uleule. Nilikaa jukwaa la mzunguko, sikio moja kwa mtangazaji, lingine kwa kelele. Mwamuzi akisimamisha mchezo, safu nzima inanigeukia: "Kaka, wanasemaje?"

Ila skana yenyewe usiende nayo. Mlinzi wa getini aliigeuzageuza yangu, antena ile nene ikamfanya aamini ni redio ya upepo, ile ya kuzungumzia kama ya polisi, na mechi ikaanza nikiwa bado nje najieleza. Siku hizi naiacha nyumbani ifanye kazi ya kusaka vituo, uwanjani nabeba kiredio cha mfukoni au simu yenye FM. Beba na earphone za waya, maana waya huo ndio antena. Ukiukunja mfukoni, sauti inakwaruza. Za bluetooth hapo hazikusaidii.

Hata nyumbani redio inatangulia, mtangazaji akiwa uwanjani. Picha ya kisimbuzi cha dishi inakandamizwa, inapanda hadi setilaiti kilomita kama 36,000 juu, inarudi, kisha inafunguliwa upya. Sekunde zinapotea njiani. Ndiyo maana shemeji amenipiga marufuku kuvaa earphone sebuleni kwake siku ya derby. Mara ya mwisho niliruka kushangilia wakati kwenye runinga mpira ulikuwa bado katikati ya uwanja.