Kupunguza Maji Si Kukoleza Dawa

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima wa Mufindi. Nina kilo 200 za atemisia kavu, mbegu nilizitunza mwenyewe kutoka mavuno ya mwaka juzi. Maabara imepima artemisinini, kile kiini kinachotengenezewa dawa za malaria, ikakuta asilimia 0.4, na mnunuzi amekataa mzigo, anasema hagusi kitu kilicho chini ya 0.8. Kuna kijana anauza mtambo wa kuchemshia kwa shilingi milioni 3.5. Anasema nikichemsha majani halafu nikakausha maji nitapata dondoo ya asilimia 10 ambayo viwanda vitaigombania. Yeye mwenyewe huwauzia watu chai yake kama dawa ya malaria. Picha ya mzigo nimeambatisha. Je, ninunue?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usinunue. Pesa hiyo iache ilipo, tukae na hesabu kwanza, maana swali kama hili nalipokea karibu kila mwezi na kila mara lina mtambo ndani yake. Linalobadilika ni zao tu: leo atemisia, juzi ilikuwa mlonge, kabla ya hapo muarobaini.

Kinachoniumiza ni imani moja, kwamba maji yakipungua dawa imekolea. Chemsha mchuzi mpaka uwe mzito: ni kweli umekolea, lakini umekoleza kila kilichomo, chumvi, pilipili, na mchanga kama mboga haikuoshwa vizuri. Jani nalo ni hivyo hivyo. Ndani yake mna sukari, rangi, nta, chumvichumvi na vitu vichungu vya kila aina, na artemisinini ni chembe chache katikati ya umati huo. Moto unaondoa maji peke yake. Umati wote unabaki, na chembe zako zimo humo humo. Kazi ngumu, ile inayogharimu fedha, ni kuitoa artemisinini katikati ya wenzake. Mtambo wa kijana huyo hauigusi kazi hiyo hata kidogo.

Haya, hesabu. Kilo 200 zenye asilimia 0.4 zina gramu 800 za artemisinini. Hiyo ndiyo yote. Hakuna moto wala mtambo utakaoiongeza. Artemisinini haipendi maji, kwa hiyo ili itoke kwenye jani inataka maji mengi mno. Vipimo vya chai vilivyopata matokeo mazuri vilitumia gramu 9 tu za majani kwa lita moja. Kwa kipimo hicho, mzigo wako unahitaji zaidi ya lita 22,000 za maji, ambayo kisha uyakaushe yote. Kilo moja ya kuni kavu kwenye jiko la kawaida huvukiza lita moja na kidogo. Piga mwenyewe: utateketeza zaidi ya tani 18 za kuni kwa ajili ya kitu ambacho, kama hakikupotea hata punje, kinajaa kwenye bakuli. Ukipunguza maji ili kuokoa kuni, sehemu kubwa ya artemisinini itabaki kwenye makapi. Na ukichemsha kwa muda mrefu, iliyotoka nayo inapungua.

Sasa tuseme Mungu amekujalia, kila kitu kimekwenda sawa. Maji ya moto hubeba kama robo ya uzito wa jani kavu. Utabaki na kilo 50 za uji mweusi, ndani yake gramu zisizofika 800. Hiyo ni asilimia 1.6 kwa makadirio ya ukarimu kabisa. Ili upate ile asilimia 10 uliyoahidiwa, gramu zote 800 zingepaswa kukaa ndani ya dondoo la kilo 8 tu. Zile kilo 42 nyingine zimekwenda wapi? Muulize hilo.

Mwaka jana mama mmoja aliniletea chupa ya uji wa namna hiyo. Mzito, mweusi kama lami, unanuka uchungu hadi mlangoni. Alikuwa amechemsha kwa siku mbili, na amelipwa sifa nyingi na jirani zake kwa ukali wa uji huo. Niliupima kwa njia inayotenganisha vitu vilivyomo: niliweka tone kwenye sahani ya silika, nikalipandisha kwa kiyeyushi, nikapulizia dawa ya kutambua na kupasha moto. Mstari mzima ulijaa rangi, kahawia na kijani kutoka chini mpaka juu, na pale panapotakiwa doa la waridi la artemisinini palikuwa na kivuli cha kutafuta kwa macho. Uchungu si artemisinini. Weusi si artemisinini. Tena artemisinini haionekani vizuri hata kwa mwanga wa urujuanimno unaotumika kwenye vipimo vya bei nafuu, kwa hiyo kuna watu wanapima rangi za jani na kuuza cheti chenye asilimia za kusisimua.

Jambo la joto halikuanza na sisi. Nchini China, mwaka 1971, mtafiti Tu Youyou na wenzake walikuwa wanapata dondoo za atemisia zisizoaminika, leo zinafanya kazi, kesho hapana. Alirudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong ya karne ya 4, yanayosema loweka konzi ya mmea kwenye maji, kamua, unywe juisi yake. Hapakutajwa kuchemsha. Akageukia etha, kiyeyushi kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu, na matokeo yakatulia. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Viwanda vingi leo hutumia heksani, kiyeyushi cha jamii ya petroli. Nayo hubeba nta na rangi, lakini huacha sukari na chumvi kwenye makapi, kisha artemisinini huvunwa kama fuwele. Na hapa ndipo utaelewa kwa nini mnunuzi wako hakuwa na roho mbaya. Tani moja ya majani hafifu hula heksani ile ile, mvuke ule ule na siku zile zile za mafundi kama tani ya majani mazuri. Halafu kuna hasara isiyopungua: artemisinini inayobaki kwenye makapi, na ile inayokwama kwenye kiyeyushi cha mwisho kwa sababu nta inazuia fuwele zisiote. Tuseme hasara hiyo ni asilimia 0.2 ya uzito wa jani kila mara. Jani la asilimia 1 linakupa 0.8. Jani lako la 0.4 linakupa 0.2. Umeona? Kiasi kimeshuka chini ya nusu, lakini kinachovunwa kimeshuka hadi robo. Ninyi wa Mufindi mmeuza pareto miaka mingi na mnajua kwamba ua hulipwa kwa sumu iliyomo, siyo kwa uzito wa gunia. Ni kanuni hiyo hiyo.

Tusidhani wakubwa wamelikwepa tatizo hili. Kundi la mwanasayansi Jay Keasling huko California lilitumia hamira iliyobadilishwa vinasaba kutengeneza asidi ya artemisiniki, malighafi inayogeuzwa kuwa artemisinini. Mwaka 2006 walipata kama gramu 0.1 kwa lita. Mwaka 2013 ilitangazwa gramu 25 kwa lita. Jasho la miaka hiyo lilimwagika kwenye kuongeza kiasi ndani ya hamira yenyewe. Hakuna aliyekaa kuchemsha supu ya gramu 0.1 akitumaini itajirekebisha.

Turudi kwenye magunia yako. Kwenye picha naona vijiti, vingine vinene kama njiti ya kiberiti, na naona vichwa vya maua. Artemisinini hukaa kwenye vitezi vidogo juu ya jani. Kijiti ni uzito mtupu. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, twanga polepole kwenye turubai, chekecha, pepeta, tenga majani na vijiti. Kama vijiti ni theluthi ya mzigo, majani matupu yatasogea kwenye asilimia 0.6 bila tone la maji wala senti ya kuni. Peleka sampuli ya majani hayo ikapimwe upya, na uhakikishe wamepima pia unyevu. Kama bado iko chini ya ile 0.8 ya mnunuzi, kubali hasara ya msimu huu. Msimu ujao vuna kabla maua hayajafunguka, na usitumie mbegu za kutunza: kama mwanzo ulipanda chotara, watoto wake hawabebi kiwango cha wazazi. Kilichokosekana shambani hakirudishwi na sufuria.

Na mtu asikuambie utumie petroli au heksani nyumbani. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko lililo chumba cha pili, na moto unarudi nao ulikotoka.

Ile chai sasa. Hili siwezi kulipita, hata kama hukuliuliza. Ile lita ya chai niliyoitaja ilitoka kwenye majani bora kuliko yako mara tatu, nayo ilikuwa na miligramu 94.5 tu, karibu moja ya tano ya dozi ya siku, ambayo ni kama miligramu 500. Gramu 9 za majani yako hazina zaidi ya miligramu 36, hata zikitoka zote. Mgonjwa anapata nafuu ya homa, anamshukuru muuzaji, na vimelea vilivyobaki vinaendelea kuzaana, vikiwa vimeionja dawa bila kufa. Vimelea vyenye usugu wa sehemu kwa dawa za jamii hii vimeshaonekana Rwanda, Uganda na hapa kwetu Tanzania, mkoani Kagera. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba halipendekezi majani ya atemisia, yawe chai au vidonge, kutibu wala kukinga malaria. Dawa mseto iliyozoeleka kwa mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu, kila kidonge na kipimo chake, pamoja na dawa ya pili ya kuua masalia. Mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe. Na wanaokunywa ile pakanga ya asili ya milimani wakidhani ni mmea huu, ule ni mmea mwingine na hauna artemisinini ya maana.

Kijana akirudi, mwombe vitu viwili kwa maandishi: uzito wa dondoo atakayokutolea kwenye kilo 200, na asilimia ya artemisinini ndani yake. Zidisha. Jibu likipita gramu 800, mfungulie mlango aende. Lisipopita, gawa zile milioni 3.5 pamoja na gharama ya kuni kwa gramu hizo, kisha mpigie mnunuzi wako umuulize gramu moja anainunua kwa shilingi ngapi.