Katriji fupi ndani ya bomba la shokomzoba

Umeuliza kama katriji (kiini cha shokomzoba kinachobadilishwa ndani ya bomba lake) iliyo fupi kuliko bomba inafaa. Inafaa ndugu, hata ikipungua urefu milimita 10, mradi iingie bombani bila kulazimishwa na isichezecheze. Chini yake, kujaza pengo, weka kipande kimoja cha bomba la chuma kilichokatwa sawasawa. Usirundike washa (vile vipete bapa vya chuma); hulegea ukishaonja barabara zetu za changarawe huku Malindi. Nati ya juu lazima iibane katriji kabla haijafika mwisho wa nyuzi, la sivyo itagonga ko-ko-ko kila tuta. Mimina oili bombani kama mililita 40 ipitishe joto la katriji hadi kwenye bomba na kuzuia kutu, ila usijaze: ikipata moto hutanuka. Shokomzoba iliyofungwa kiwandani bila nati, nunua nzima tu.